Miaka ya mwalimu ihesabiwe, awe amefunza Luanda ya Vihiga au Texas

Mhariri,

Kila ninaposoma habari za walimu wetu wanaokwenda kufunza Marekani, naona mshahara tu ndio unaotajwa. Naomba nafasi nizungumzie kinachouamua mshahara huo: rekodi ya utumishi wa mwalimu. Ni fomu fupi. Nimeishughulikia mwenyewe, na imenionyesha jinsi tunavyowapotezea walimu miaka yao wakiwa hapa, wakienda, na wakirudi.

Nilistaafu mwaka 2022 nikiwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Vihiga. Naibu ndiye mwenye ratiba. Ndiye anayetunza kitabu cha mahudhurio ya walimu, na ukimuuliza nani alifunza fizikia Kidato cha Tatu muhula wa pili miaka minane iliyopita, yeye ndiye atakayejua pa kutafuta. Kwa hiyo simu ilikuja kwangu ingawa nilishaondoka kazini. Mpigaji alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia tuliyefanya naye kazi miaka mingi. Alianza kama mwalimu wa bodi, yaani anayelipwa na bodi ya shule, baadaye akaajiriwa na TSC, tume ya kuwaajiri walimu wa serikali, kisha akapata nafasi ya kufunza Texas kwa viza ya J-1, ile ya kubadilishana walimu.

"Madam," akaniambia, "huku wananilipa kama mtu aliyetoka chuo jana. Miaka yangu haitahesabiwa mpaka shule iithibitishe. Nisaidie."

Nilimwomba anieleze taratibu, nami nikasoma kanuni zenyewe. Jimbo la Texas huweka kima cha chini cha mshahara wa mwalimu kwa kufuata miaka ya uzoefu, kuanzia sifuri hadi 20. Jedwali lililoanza kutumika mwaka 2019 lilimpa asiye na uzoefu dola 33,660 kwa mwaka, na aliyefikisha miaka 20 dola 54,540. Wilaya nyingi za shule hulipa zaidi ya hapo, lakini nazo hupanga ngazi zao kwa miaka. Kisha mwaka 2025 bunge la jimbo likapitisha nyongeza inayofuata uzoefu moja kwa moja: katika wilaya zenye wanafunzi zaidi ya 5,000, mwalimu wa miaka mitatu au minne hutengewa dola 2,500, na wa miaka mitano na kuendelea dola 5,000. Katika wilaya ndogo ni dola 4,000 na 8,000. Mwaka mmoja ukikosa kuandikwa, mtu anaweza kubaki upande wa chini wa mpaka huo.

Jambo lililonigusa ni kwamba miaka hiyo si lazima iwe ya Texas, wala ya Marekani. Miaka ya shule ya nchi nyingine hukubaliwa, mradi shule inatambuliwa na serikali ya nchi yake na ofisa mwenye mamlaka ajaze fomu na kutia saini. Fomu inataka tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kazi aliyofanya mtu, kama alifanya siku nzima au nusu, na idadi ya siku. Akitimiza siku 90 kamili katika mwaka wa shule, mwaka huo ni wake. Hakuna safu inayouliza kama alilipwa na serikali au na bodi, au kama shule ilikuwa ya kitaifa au ya kutwa kando ya shamba la chai.

Msomaji ambaye hajawahi kuwa mwalimu wa bodi huenda asione uzito wa jambo hili. Mimi niliajiriwa mara tu nilipomaliza Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 1986, kwa sababu wakati huo mwalimu aliyehitimu alipata kazi bila kupiga foleni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaacha utaratibu huo. Tangu hapo vijana wenye shahada, wenye nambari ya TSC, wamekuwa wakishika chaki kwa mkataba wa bodi ya shule, BOM tunayoijua sote, huku wakingoja kutangaziwa nafasi. Wanafunza vipindi sawa na wenzao, wanatunga mitihani, wanasahihisha, wanakesha na watahiniwa. Malipo yao hutoka kwenye karo, na karo isipoingia nao hawalipwi. Nimewaona wakipita likizo ya Agosti bila hata senti.

Siku anapoajiriwa, mwenye shahada huingia daraja la C2, na baada ya miaka mitatu hupanda hadi C3. Awe ametoka chuo mwaka huo, awe amefunza kwa bodi miaka sita, mlango ni huo huo. Sisi tunaomfahamu, tuliomwona akifunza, ile sita tunaianza upya kutoka sifuri. Wageni wa Texas, wasioijua hata njia ya kwenda Luanda, wako tayari kuihesabu.

Basi nikarudi shuleni. Mwalimu mkuu wa sasa alinipokea vizuri na kunifungulia stoo. Rekodi za miaka ya karibuni zilikuwa zimepangwa. Za zamani zilikuwa chini ya madawati mabovu, zimefungwa kwa kamba ya katani, na mchwa walikuwa wamekwisha kufika. Tulifungua kitabu baada ya kitabu. Palipokosekana kitabu cha mahudhurio tulitafuta vocha za malipo kwa mhasibu. Vocha za wakati wa fedha taslimu zilikuwa hazisomeki, lakini tangu shule ianze kuwalipa walimu wa bodi kwa M-Pesa kila malipo yana tarehe. Kwa njia hiyo tuliuokoa mwaka mmoja tuliokuwa tumekwisha kuukatia tamaa.

Mwaka 2020 ulitusumbua kuliko yote. Shule zote nchini zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona. Zilipofunguliwa tarehe 12 Oktoba waliorudi ni Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne peke yao. Wengine walingoja hadi Januari 2021. Swali likawa: je, mwalimu wetu alifikisha siku 90? Kama hakuwa na kipindi Kidato cha Nne, alikuwa na wiki za mwanzo wa mwaka tu, na mwaka wote ungepotea. Rejista ya Kidato cha Nne ikatuonyesha alikuwa akifunza hisabati kila siku mpaka wiki ya Krismasi. Tukahesabu tena, tukaondoa sikukuu na mapumziko ya katikati ya muhula, na bado siku zilipita 90. Nilifurahi kama kwamba mshahara ni wangu. Nilikumbuka pia jinsi alivyokuwa akifika asubuhi na barakoa yake, na madirisha yote wazi hata mvua ikinyesha.

Kuna miaka ambayo hatukuipata. Wazazi wanakumbuka, wanafunzi waliofaulu wakaenda vyuo vikuu wanakumbuka, mimi mwenyewe naweza kula kiapo. Lakini mwalimu mkuu alikataa kutia saini siku asizoweza kuzionyesha, naye alifanya haki. Saini ya shule ikianza kutolewa kwa kumbukumbu za vichwani, baada ya muda mfupi haitaaminiwa popote, na watakaoumia ni walimu wanaokuja. Mwalimu wetu aliyapokea kwa unyenyekevu. Miaka hiyo imekwenda hivyo, na mshahara wake wa kila mwezi unaonyesha pengo.

Hasara hiyo haikusababishwa na mtu mbaya. Ilitokana na ukweli kwamba hakuna aliyewahi kupewa wajibu wa kuandika siku za mwalimu wa bodi mahali pasipofikiwa na mchwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, imeipa TSC kazi kadhaa, na ya kwanza ni kuwasajili walimu waliohitimu. Kuwaajiri kunafuata. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza mtu kufunza bila kusajiliwa. Kwa hivyo kila mwalimu wa bodi anayefuata sheria tayari ana nambari, ana faili, anajulikana. Daftari la taifa linajua amesomea nini. Linachokosa ni siku alizofunza.

Kuongeza safu hiyo si kazi ya kujenga barabara. Walimu walioajiriwa wanajaza mtandaoni TPAD, ile tathmini ya kazi yao, na manaibu wanajua jinsi ya kuithibitisha. Mwalimu wa bodi naye aandikwe kwa nambari yake kila muhula unapofungwa: shule, masomo, vipindi kwa wiki, siku alizohudhuria. Mwalimu mkuu athibitishe, ofisi ya kaunti ndogo iweke. Rekodi hiyo itamfaa akienda ng'ambo, na itafaa zaidi siku atakapoajiriwa hapa nyumbani, kwa sababu huwezi kudai nyongeza ya miaka ambayo haikuandikwa popote.

Hapo ndipo napenda kugusa upande wa pili, wa wanaorudi. Mpango wa J-1 haukuumbwa ili mwalimu ahamie Marekani. Anatakiwa awe na angalau miaka miwili ya uzoefu kabla ya kwenda, anapewa miaka mitatu, inaweza kuongezwa hadi mitano, halafu anatarajiwa arudi kwao na alichojifunza. Jirani yangu mmoja upande wa Maseno amefanya hivyo hasa. Kabla ya kuondoka alifunza shule ya kibinafsi. Alikwenda Arizona, akafunza watoto wenye mahitaji maalum, akakaa miaka yake mitano na kurudi kwa hiari, maana mama yake ni mzee.

Ukizungumza na mwanamke huyu utajua tumepokea nini. Sheria ya Marekani inataka kila mtoto mwenye ulemavu awe na mpango wake mwenyewe, ulioandikwa, unaosema yuko wapi, anatarajiwa kufika wapi mwaka huu, nani atamsaidia na kwa saa ngapi. Mzazi anaalikwa kwenye kikao na kupewa nafasi ya kupinga. Ameandika mipango hiyo kwa miaka mitano. Sisi tuna sera yetu ya mwaka 2018 inayotaka watoto wenye ulemavu wafunzwe pamoja na wenzao, na mwalimu wa kawaida katika shule ya msingi hapa Emuhaya anaambiwa aitekeleze akiwa na darasa lililofurika na bila mtu wa kumwonyesha. Huyu hapa angeweza kumwonyesha.

Lakini nafasi za kudumu hutangazwa kwa wasiozidi miaka 45, na yeye amekwisha kuipita. Na hata angerudi akiwa na 44, angeingia C2 pamoja na vijana aliowazidi kwa miaka 15 ya ubao. Sasa anafunza shule ya kibinafsi mjini Kisumu, ambako mzazi mwenye uwezo ndiye anayenunua ujuzi wake. Watoto wa Emuhaya hawamfikii.

Kila nikilisema jambo hili kwa walimu wenzangu, jibu moja hurudi, na sitaki kulipuuza kwa sababu wanaolitoa ni watu ninaowaheshimu. Wananiuliza: waliokwenda walilipwa dola, wakajenga, wakasomesha, leo warudi wawapite waliobaki wakishikilia shule kwa mshahara mdogo? Ninamjua mwalimu aliyekaa daraja moja miaka mingi kupita kiasi, anahudhuria mahojiano ya kupandishwa cheo na kurudi mikono mitupu, huku akiwa ndiye anayelibeba somo lake shuleni. Machungu yake ni ya haki.

Ninachoomba hakimpiti. Sisemi anayerudi apewe unaibu au ukuu. Nasema ndani ya daraja analoingia, awekwe kwenye ngazi ya mshahara inayolingana na miaka aliyothibitisha, tuseme nyongeza moja ya mwaka kwa kila mwaka uliokamilika, na kuwe na kikomo. Cheo kiendelee kushindaniwa kama kawaida. Na hesabu hiyo ianze kwa mwalimu wa bodi, ambaye hakuona dola hata moja. Atakayefaidika wa kwanza ni yule aliyebaki. Nikiulizwa tuchague kimoja kwa sasa kwa sababu fedha hazitoshi, nitasema bila kusita: miaka ya bodi kwanza, ya ng'ambo baadaye. Ila zote ziandikwe tangu sasa.

Wengine wanaogopa karatasi za kughushi. Ni hofu ya kweli katika nchi ambayo vyeti bandia vimewafukuzisha watu kazi. Texas nayo ina hofu hiyo, ndiyo sababu fomu hujazwa na mwajiri na kutiwa saini na ofisa, wala mwalimu hajithibitishi mwenyewe. Nasi tufanye vivyo hivyo: shule ya huko iandike moja kwa moja kwa mwajiri wa hapa, jina la shule liangaliwe kwenye orodha ya serikali yake, na kama kuna shaka ubalozi uulizwe.

Sidai kwamba dunia nzima hufanya kama Texas. Uingereza, kwa mfano, iliondoa mwaka 2013 wajibu wa shule kumlipa mwalimu anayehama kiwango alichokuwa amefikia. Siku hizi kila shule inaamua na mwalimu anajitetea mwenyewe. Sipendi tuige hilo. Mwalimu wa kijijini asiyejua kupigania maneno ataishia kulipwa kidogo kuliko mwenzake mwenye ulimi, na wote wawili wanafunza darasa lile lile.

Serikali yenyewe imeifanya kazi ya ng'ambo kuwa sera. Septemba 2024 ilitia saini makubaliano ya ajira na Ujerumani, na viongozi wanawahimiza vijana kila siku wachangamkie nafasi za nje. Fedha zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Nchi inayopokea fedha hizo kwa mikono miwili inapaswa pia kuandaa mahali pa mwenye kuzituma siku anaporudi. Kwa mwalimu, mahali hapo ni darasani, kwa mshahara unaotambua kwamba hakuanza jana.

Mkataba wa mishahara wa 2025 hadi 2029 ulitiwa saini Julai 2025, na sitarajii ufunguliwe kwa ajili ya barua yangu. Lakini vyama vya walimu, KUPPET na KNUT, vina muda wa kukusanya hoja za mkataba unaofuata, na ningependa kuona kifungu cha kuhesabu uzoefu uliopatikana nje ya ajira ya TSC kikiwa mezani, kimeandikwa kwa lugha ambayo mwalimu wa bodi anaweza kuisoma na kujua anastahili nini. Wabunge wetu wa magharibi nao wakitazame upya kile kikomo cha miaka 45. Mtu anastaafu akiwa na 60. Mwalimu aliyerudi na 47 ana miaka 13 ya kutumikia, na ni miaka ambayo shule za Vihiga na Siaya zinaihitaji.

Kwa walimu wakuu sitaki kungoja mkataba wowote. Kabla ya kufunga muhula huu, chukueni karatasi yenye kichwa cha shule kwa kila mwalimu wa bodi. Andikeni tarehe aliyoanza, masomo, vipindi, siku alizohudhuria mwaka huu, mtie saini na muhuri. Nakala moja apewe mwenyewe, nyingine iwekwe kwenye faili lake, ya tatu ipelekwe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na wewe kijana uliye kwenye mkataba wa bodi, usione haya kuiomba. Tunza pia barua yako ya kuchukuliwa kazi, ratiba zenye jina lako, na taarifa za M-Pesa za malipo. Naibu yeyote wa hapa Vihiga anayetaka kuonyeshwa jinsi tulivyoijaza ile fomu ya Texas, safu kwa safu, aniulizie Luanda siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nitakwenda shuleni kwake, na sitamdai nauli.

Mwalimu mstaafu,
Luanda, Kaunti ya Vihiga